Rafu ya Viatu vya Kushoto

Usiniambie kufundisha watoto wadogo ni kazi ya kucheza. Walioniambia hivyo niliwaachia watoto ishirini na wanne wa miaka mitatu kwa nusu saa, wakatoka kimya. Direkta wetu, yaani mkuu wa shule, Bwana Révérien, yeye alidumu dakika kumi na moja, akakumbuka ana mkutano.

Nafundisha Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, na darasani kwangu kuna rafu ya viatu vya kushoto. Si mapambo. Mama akimleta mtoto siku za mwanzo, anavua kiatu chake mwenyewe cha kushoto, anakiweka kwenye rafu mbele ya macho ya mwanawe, ndipo anakwenda. Mtoto akianza kulia namwonyesha: mama atafika wapi na mguu mmoja mtupu? Anatazama, anafikiri, ananyamaza. Baada ya wiki mbili ni yeye mwenyewe anayemwambia mama yake achukue kiatu chake, kwamba anamtia aibu mbele ya wenzake.

Jambo hili sikulisoma chuoni. Ni la mama yangu, Khadidja. Babu yake alitoka Ujiji kuja Bujumbura kuuza vitambaa, kisha vita vikaturudisha sisi ng'ambo ile ile ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Huko mama akawa anabaki na watoto wakati mama zao wamekwenda kutafuta kuni au kupanga foleni ya unga. Watoto walilia hadi sauti ikakauka, maana walishaona mtu akitoka mara moja na asirudi. Mama akasema basi, kila mtu aache kiatu. Kambini mtu alikuwa na jozi moja tu, kwa hiyo ahadi ilikuwa nzito. Mimi Zubeda kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kupanga viatu hivyo. Wanaoniuliza kwa nini nilichagua ualimu wananichekesha. Ualimu ulinikuta nimekaa.

Nyakabiga si kambini. Mama mmoja mwenye jozi kumi na mbili aliniletea kiatu cha zamani kilichovunjika kisigino, nikamrudishia palepale. Kiatu ni kile kilicho mguuni, nikamwambia, la sivyo mtoto atakudharau, na mimi nitamsaidia. Siku hizi wanatembea na ndala kwenye mkoba, na wananiita Mama Viatu wakidhani sisikii. Direkta naye aliniuliza kama jambo hili liko kwenye programu ya masomo. Nikamuuliza kama kulia kuko kwenye programu.

Mama yangu ana sheria moja: kiatu cha mtu asiyerudi hakipokelewi. Alikosea mara moja tu. Mwanamke mmoja kambini aliacha ndala ya bluu, akaenda zake moja kwa moja. Mtoto alikaa na ile ndala siku tisa, na baada ya hapo hakumwamini mtu yeyote, hata uji alisubiri mwingine auonje kwanza. Mama akifika hapo katika kusimulia huwa anainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haiko motoni.

Sasa Daphrose. Huyu ni msusi wa Kamenge, na binti yake, Mélissa, ndiye pekee aliyekuwa bado anadai kiatu baada ya miezi mitatu. Nilimwambia, "Mélissa, mama yako atazeeka na mguu mmoja." Hakutikisika.

Jumatatu moja Daphrose akaja na raba nyeupe mpya, kamba zimefungwa mara mbili. Akatoa ndala kuukuu kwenye mfuko, akaninyooshea.

"Leo unaenda kucheza mpira?" nikamtania.

Hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Mwalimu, ndege ni saa tisa. Naenda Oman, kazi ya nyumbani, miaka mbili. Mi nimeshindwa kumwambia mutoto. Akiona kiatu atatulia."

"Atatulia leo. Na kesho?"

"Kesho bibi yake atamwambia."

"Apana, Daphrose. Hicho sikipokei."

Hasira ilinipanda. Si kwa sababu anaondoka. Kwetu nani hajaondoka? Ilinipanda kwa sababu alitaka mimi ndiye nimdanganye mtoto kwa niaba yake. Nikamwambia hivyo, pamoja na maneno mengine ambayo sitayarudia kwa kuwa bado nina heshima kidogo. Akaanza kulia. Nami nikalia, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mi nitasimama hapa hapa."

Akapiga magoti mbele ya mwanawe. Mélissa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama rafu.

"Na kiatu?"

"Leo naenda na yote mbili," mama yake akasema.

Mtoto alipiga ukelele uliomtoa direkta ofisini. Akaniuma mkono, mimi, wala si mama yake, na akakataa kabisa kuingia darasani. Bibi yake akaja kumchukua. Daphrose akaenda kwenye ndege yake akiwa amevimba macho, na direkta akaniambia kwa upole, "Ungekipokea tu, Zubeda."

Jumanne Mélissa hakuja. Jumatano hakuja. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba nimempokonya mama na shule kwa siku moja, kwamba atakuwa kama yule wa siku tisa, na safari hii ni kwa mkono wangu. Nyumbani chakula kilinishinda.

"Mwalimu mzima unamlilia mwanafunzi," mama akanitania, akinisogezea sahani. "Mi nilikupa viatu vya kupanga, sikukupa moyo wa karatasi."

Lakini na yeye hakula.

Alhamisi nilisimama getini tangu saa moja asubuhi. Watoto wote wakapita. Direkta akaja kuniambia kengele imelia, nikamwambia nina masikio. Saa mbili na robo nikamwona bibi yake Mélissa anakuja polepole, na Mélissa mwenyewe mbele, mikono nyuma, kama mkaguzi kutoka wizarani.

Akasimama mbele yangu, akanikagua kutoka juu hadi chini.

"Mwalimu, unafanya nini hapa inje?"

"Nakungojea."

"We ulidhani mi sitarudi?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini mtoto huyu alishaambiwa ukweli mara moja wiki hii, na hakustahili kurudishwa nyuma.

"Ndiyo," nikasema. "Niliogopa sana."

Akafikiri. Kisha akanishika kidole, akanivuta kuelekea darasani.

"Usilie, Mwalimu," akasema. "Nimerudi."