Baiskeli Mbili za Kwenda Bukoba

Baba yake Twaha alifika Bukoba kwa baiskeli mara moja tu katika maisha yake, kabla Twaha hajazaliwa, akienda kutafuta vitenge. Akaishi miaka arobaini mingine akiisimulia safari hiyo. Kila Ramadhani, watu wakishafuturu kwao Nyamugari, mjini Gitega, mzee alianza upya: vilima vya Karuzi, wali aliopikiwa Muyinga na mjane mmoja wa Kimanyema, nyayo za simba porini Biharamulo, na siku ya kumi na moja, maji. Ziwa usiloliona ng'ambo yake. Wanawe wengine walikuwa wamejifunza kusinzia huku wameketi wima. Twaha peke yake ndiye aliyeuliza, "Halafu?"

Mzee alifariki, na Twaha akawa fundi wa baiskeli. Akamwoa Farida, wakapata mabinti wawili, na safari ya Bukoba ikawa jambo la mwaka ujao. Kwanza ilikuwa vita, barabara ya Muyinga ikawa haipitiki bila dua hata ukiwa ndani ya gari. Kisha watoto walikuwa wadogo. Kisha Farida akavunjika mguu. Twaha alipotimiza miaka hamsini na sita alijikuta ameishiwa sababu. Petroli ilikuwa haipatikani, malori yamepungua, barabara imewabakia waenda kwa miguu na wenye baiskeli.

"Kiangazi hiki mi naenda," akamwambia mkewe.

Farida alikuwa akikunja nguo. "Na magoti hayo?"

"Siendi peke yangu. Niko na Nazario."

Nazario alikuwa mkulima wa Bukirasazi, mwenye miaka arobaini na miwili. Mwaka wa tisini na tatu, akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikimbilia Tanzania na mama yake, akakulia kambini Ngara, akaoa huko, akarudi Burundi mtu mzima na mkewe Dorotea. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, kimenyooka, na Twaha alipenda kukisikiliza. Walijuana kwa sababu Nazario alikuwa akileta ndizi Gitega kwa baiskeli, na baiskeli yake haikuisha ubovu. Siku moja Twaha akamsimulia habari za Bukoba huku akiziba pancha. Nazario akaweka chini kikombe chake cha chai na kuuliza, "Halafu?"

Tangu siku hiyo walikuwa wawili. Kwa miaka minne Twaha aliunganisha baiskeli mbili kutokana na mabaki ya baiskeli nyingine: fremu ya huku, rimu ya kule, spoku moja moja. Keria za nyuma alizichomelea mwenyewe, pana, za kubeba mizigo ya siku ishirini. Mwezi mmoja kabla ya safari alikwenda Bukirasazi kumpelekea Nazario baiskeli yake. Dorotea alimkaribisha kwa mahindi ya kuchemsha. Alikuwa mwanamke mwembamba, msemaji wa maneno machache.

"Shemeji," akamwambia, "huyu ni mtu wangu. Unirudishie."

"Mi mwenyewe nitamrudisha," Twaha akasema. "Siku ishirini tu."

Waliondoka Gitega baada ya sala ya alfajiri. Majirani wa Nyamugari walitoka milangoni kuwacheka na kuwapungia mikono. Walivuka daraja la Ruvubu ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, wakaanza kupanda. Twaha alishuka na kusukuma baiskeli kila mlima ulipomshinda, na hakuona haya. Alimpita mwanamke aliyebeba mtungi wa pombe ya ndizi, akamsalimia. Akampita padri kwenye pikipiki iliyokauka tangi, akamsalimia pia. Kwenye miteremko alifungua kifua chake kwa upepo na kucheka peke yake. Baadaye, kila alipotaka kuichukia safari ile, miteremko hiyo ilimzuia.

Nazario hakusema sana. Mzigo wake ulikuwa mzito kuliko wa Twaha, na alipoulizwa amebeba nini alisema, "Blanketi. Kule baridi."

Walilala Buhiga. Kesho yake, mteremko mmoja kabla ya Muyinga, gurudumu la nyuma la Nazario liliangukia shimoni na spoku mbili zikakatika. Wakaingia mjini Muyinga kwa miguu, jua likiwa utosini. Wakaketi kivulini kwenye baraza la duka lililofungwa, karibu na soko. Nazario akaenda kutafuta chakula. Twaha akafungua mzigo wa Nazario kutoka kwenye keria ili aipindue baiskeli, na kamba, ambayo ilikuwa imefungwa vibaya, ikaachia.

Hapakuwa na blanketi. Palikuwa na suti nyeusi, viatu vya kanisani, cheti cha ubatizo, vyeti vya shule ya kambini, na bahasha ya nailoni yenye karatasi moja ya Kirundi. Twaha hakuwa mtu wa kupekua vya watu. Alikuwa akiirudisha bahasha mahali pake alipoona kupitia nailoni, mwishoni mwa karatasi ile, jina lake mwenyewe.

Akaisoma. Nazario alikuwa amempa kaka yake Moses fungu lake lote la ardhi ya baba yao, yaani shamba la juu, lile la bondeni na nyumba, lisirudi kwake wala kwa kizazi chake. Moses ndiye mtoto aliyebaki na baba yao vitani, na tangu Nazario arudi hawakuwahi kukubaliana mpaka uko wapi. Mashahidi walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Twaha, na pembeni ya saini yake palikuwa na doa la grisi.

Akakumbuka. Ilikuwa mwezi wa nne. Nazario alikuja kibandani kwa Twaha na karatasi, akasema ni ya mpakani, inataka mtu wa kumdhamini. Twaha alikuwa akinyoosha gurudumu, hili hili lililopinduliwa mbele yake sasa, na akili yake ilikuwa Biharamulo. Alisaini juu ya tandiko la baiskeli, akarudi kwenye gurudumu.

Nazario alirudi na ndizi za kuchoma na mishikaki ndani ya gazeti. Akaona suti chini.

"Nimesoma," Twaha akasema.

Nazario akaweka chakula barazani, taratibu. "Ungesoma mwezi wa nne, kaka, ningekueleza mwezi wa nne."

"Dorotea anajua?"

"Nikishapata mahali nitamwita yeye na watoto."

"Nakuuliza, anajua?"

"Hajui." Nazario akaketi. "Moses amekubali wakae mpaka mwezi wa tisa. Mimi sirudi tena. Miaka kumi na sita nimeishi mlango mmoja na mtu anayetembea asubuhi kuangalia kama migomba yangu imesogea. Kule niliitwa Mrundi, hapa naitwa Mtanzania. Bora niitwe Mrundi. Kule anayeniita hivyo si ndugu yangu."

Twaha akasema, "Ungeenda basi. Mi ulinichukua wa nini?"

"Mwanamume akiondoka peke yake na mzigo, mkewe anauliza, jirani anauliza, Moses mwenyewe angetaka nyumba siku ile ile. Lakini akiondoka na Fundi Twaha kwenda Bukoba, watu wanacheka tu na kupunga mkono."

Muuza nyanya mmoja alikuja kuwauliza kama baiskeli inauzwa, wakasema hapana, kwa pamoja.

"Twende, kaka," Nazario akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililomuuma Twaha zaidi. "Kobero, mpakani, tunafika leo leo. Umengoja maisha yako yote. Dorotea utamwambia ukirudi. Siku kumi na nane zitabadilisha nini?"

Na Twaha alitaka kwenda. Hilo hakumwambia mtu kwa muda mrefu, ila alitaka. Aliwaza kwamba karatasi imekwisha kusainiwa, kwamba mwezi wa tisa uko mbali, kwamba habari mbaya haiozi. Nyumbani kwa Dorotea simu ilikuwa moja, na Nazario alikuwa nayo mfukoni. Twaha akasogea kando, akampigia Farida, akamweleza yote isipokuwa saini. Akamwomba afike Bukirasazi amwambie yule mama.

Farida alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bon, haya," akasema. "We ulitoka naye. Mi niende nimwambie mtu kama bwana yake amemuhama, halafu akiniuliza fundi iko wapi, nimwambie iko anatembea Bukoba?"

Twaha akarudi barazani, akatoa spoku mbili kwenye mfuko wake wa vifaa. Akazifunga, akalizungusha gurudumu, akalegeza hapa, akakaza pale, mpaka likaenda bila kuyumba. Mpaka leo hajui kwa nini alilitengeneza. Labda kwa sababu lilikuwa limeharibika. Nazario akafunga mzigo wake. Karatasi akamwachia Twaha.

"Ichukue. Moses ana ya kwake."

Hawakupeana mikono. Nazario alishika njia ya Kobero, na baiskeli ilikwenda vizuri sana.

Kurudi kulimchukua Twaha siku mbili. Alipita Gitega bila kuingia kwake, akaendelea hadi Bukirasazi. Dorotea alikuwa uani akipepeta maharage. Alipomwona yuko peke yake, ungo ulishuka mpaka magotini.

"Amekufa?"

"Hapana. Mzima."

"Yuko wapi?"

Twaha akamwambia: Muyinga, karatasi, Moses, mwezi wa tisa. Njia nzima alikuwa amejiapiza kumwambia na habari ya saini. Alipofika hapo akasema, "Ndiyo hivyo," na saini akaiacha.

Dorotea aliuliza swali moja tu. "Suti aliichukua?"

"Aliichukua."

Ndipo alipoketi chini, juu ya maganda ya maharage. Binti yake mkubwa, Vumilia, akatoka ndani, akamtazama mama yake, kisha Twaha, akaokota ungo na kuendelea kupepeta.

Dorotea hakungoja mwezi wa tisa. Alipeleka shauri mbele ya wazee wa mlima, waamuzi wa kijiji, na Twaha akaenda siku hiyo kumtetea, kanzu imepigwa pasi, ile karatasi mfukoni. Alitaka kueleza jinsi mume alivyotoroka. Kabla hajapewa nafasi, Moses alitoa nakala yake na kuisoma yote kwa sauti, pamoja na majina ya mashahidi.

Watu wakageuka.

"Ni wewe, shemeji?" Dorotea akauliza.

"Ni mi. Aliniambia ni ya mpakani. Sikusoma."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

Wazee walibishana mpaka adhuhuri. Mmoja alisema mke hakushirikishwa, kwa hiyo haifai. Wengine walisema mwenye fungu ametoa fungu lake mbele ya mashahidi watatu, na mmoja wao ni mtu wa mjini, mtu wa dini, asiye na faida yoyote pale. Saini ya Twaha ndiyo iliyomaliza shauri. Wakati wa kutoka, Moses alimpa mkono kumshukuru, na Twaha, kwa kutojua la kufanya, akaupokea.

Mwezi wa tisa Dorotea alihama na mabinti zake wawili. Masista wa Mushasha, mjini Gitega, walimpa kazi ya kufua na chumba nyuma ya ghala. Shamba la bondeni, ambalo alikuwa amelichimbia mifereji kwa mikono yake, Moses alilipanda viazi.

Nyumbani Nyamugari watu walipata la kusema. "Fundi, kumbe Bukoba iko Muyinga siku hizi?" Twaha aliwaacha wacheke. Farida hakucheka, wala hakumlaumu. Alimjua, na aliona anavyosoma sasa kila kitu, hata maandishi ya kwenye boksi la tyubu, kabla hajakigusa.

Mwezi wa kumi na moja simu iliita, namba ya Tanzania.

"Kaka," Nazario akasema. Nyuma yake palisikika ndege na watu wengi. "Nimeliona. Nimekuja kibarua huku. Mzee hakudanganya, ng'ambo haionekani."

Kwa aibu yake, Twaha alihisi wivu kabla ya hasira. "Dorotea iko Mushasha," akasema. "Anafulia masista. Utamwita siku gani?"

"Mambo hayajakaa sawa, kaka. Nikipata—"

"Siku gani?"

Simu ikakatika. Alipoipiga ile namba, haikupatikana, wala kesho yake.

Wiki iliyofuata Twaha aliitoa baiskeli yake ndani, akaipaka mafuta, akaisukuma hadi Mushasha. Dorotea alikuwa akianika mashuka. Twaha akamwambia amesikia anauza viazi vitamu sokoni siku asizofua, na anabeba kichwani.

"Keria hii inabeba kilo themanini," akasema. "Ichukue."

Dorotea aliitazama baiskeli, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi.

"Amepiga simu?"

"Alipiga. Iko Bukoba."

"Alisema nini?"

Twaha akaona hawezi kumpunguzia tena. "Alisema ameliona ziwa."

Dorotea akachukua shuka jingine, akalikamua, akalianika, akalinyoosha pembe zote mbili. "Iegemeze ukutani, fundi," akasema. "Siichukui kwa kukusamehe. Naichukua kwa sababu shingo inaniuma."

Twaha akaiegemeza ukutani, akarudi Nyamugari kwa miguu. Siku za soko Dorotea hupita mbele ya kibanda chake. Hajui kuendesha, anaisukuma, magunia mawili nyuma, Vumilia ameyashika yasipinduke. Twaha hutoa salamu, Vumilia huitikia. Kisha mteja anataka baiskeli yake, na Twaha anainama kuendelea na kazi.