Sauti ya Baba Ndani ya Lori

Shule niliiacha kidato cha pili, na sisemi uongo, haikunililia. Nilichokijua mimi ni kuchokonoa gemu za watu. Kuna gemu moja ya kuendesha malori, ilikuja na barabara laini kama sakafu. Nikazitoboa mashimo. Nikamwaga vumbi. Nikatengeneza lori kuukuu la buluu, taa moja kipofu, kama lile alilokuwa akiendesha baba.

Kisha nikamweka baba mwenyewe. Kabla hajaanza kuugua nilimshikia simu mdomoni nikamwambia aseme kana kwamba yuko barabarani. Mwanzo aliona haya. Baadaye kumnyamazisha ndiyo ikawa kazi. Ukikanyaga mafuta sana, anakuambia: "Taratibu, bwana mdogo. Lori halina haraka, mwenye haraka ni tajiri yake." Ukigonga kitu: "Haya, shuka ukaombe radhi."

Baba akafariki. Ile simu nayo ikaibiwa. Sauti yake ikabaki ndani ya gemu tu. Kila saa kumi jioni mama anafunga cherehani yake, anavuta kigoda kando yangu.

"Gonga."

"Mama, jana nimegonga mara sita."

"We gonga. Nataka agombeze."

Baba anagombeza, mama anacheka, halafu anageukia ukutani.

Basi, ofisi moja ya kutengeneza gemu ikaliona lori langu mtandaoni. Dada mmoja, msimamizi wa huko, akanipigia.

"Hili lori umelitengeneza wewe?"

"Nani mwingine?"

"Umesomea wapi?"

"Kitandani."

Akacheka. Akanipa jaribio la siku tatu: kila picha na kila sauti isiyo na ruhusa ya maandishi itoke, niweke nyingine, na lori la zamani niliondoe mtandaoni.

"Na huyu mzee anayeongea? Karatasi yake iko wapi?"

"Ni baba yangu. Alishafariki."

"Pole sana, mdogo wangu. Lakini marehemu hatii saini. Weka sauti nyingine."

Sasa sikia tunavyofanya kazi sisi wachokonoaji. Gemu haipokei faili lenye jina geni. Sauti yako unaipa jina lile lile la ile ya kwanza, unaibandika juu yake. Kompyuta inauliza: la zamani lifutwe? Unabonyeza ndiyo. Kidole changu kimebonyeza ndiyo miaka mingi mpaka hakiniulizi tena.

Siku ya tatu, mchana, mbio mbio, nikamrekodi jirani yetu kinyozi. Akatia saini. Nikabandika. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mara arobaini na moja. Lori la mtandaoni nikaliondoa, jipya nikalituma. Haikupita saa moja wakajibu: kazi umepata, njoo Jumatatu.

Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. "Mwambie na baba yako! Gonga!"

Nikawasha huku nacheka. Nikagonga ukuta. Kinyozi akasema: "Samahani, mkuu."

Mama akanitazama. "Huyu nani?"

Ndipo nikajua nimefanya nini.

Nilifungua kila folda. Niliwaandikia waliowahi kulipakua lori, watu kumi na tisa. Alijibu mmoja: "Nilishafuta, kaka. Yule mzee alikuwa anaongea sana."

"Hukuweka pengine?" mama akauliza.

"Sikuweka."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua. Akauliza kama nimekula, akanyanyuka, akaifungua cherehani aliyokuwa ameshaifunga.

Jumatatu nikaenda. Mama alikuwa amenipigia shati pasi. Yule dada akanionyesha meza yangu, kiti cha kuzunguka, kompyuta ya vioo viwili. Somo la kwanza akanifundisha akiwa amesimama.

"Hapa hakuna kinachofutwa. Ukibandika kitu juu ya kingine, cha jana kipo tu. Ukiharibu, unakirudisha. Ona."

Akaufuta mlango wa nyumba fulani kwenye gemu yao. Akabonyeza mara moja, mlango ukarudi na mikwaruzo yake yote.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Mbona umeganda? Kaa, jaribu mwenyewe."

Nikakaa. Nikaufuta mlango, nikaurudisha. Nikaufuta tena, nikaurudisha. Nikaufuta.

"Inatosha, kaka," akasema. "Umeshajua."