Kabati la Seva Mbili

Hospitali ilikuwa imepata seva mbili mpya za kutunza kumbukumbu za dawa, na ilitaka zitumie hifadhi moja: kabati la diski ambalo zote mbili zingesoma na kuandika humo, ili moja ikianguka nyingine iendelee. Kazi ya kuchagua kabati alipewa mhandisi aliyekuwa mgeni kuliko wote katika kitengo cha kompyuta. Yaliletwa makabati mawili ya majaribio. Alilikataa lenye kasi.

Mkuu wa kitengo, aliyemfundisha kazi, waliyemwita Koleo kwa kuwa alichokibana hakiachii, alisoma pendekezo hilo akiwa amesimama.

"Binti, umeletewa farasi na kobe, ukachagua kobe?"

"Farasi yule anabebwa na mbio zake, mzee. Hajui nani kampanda."

Akaeleza. Seva ikifa, hilo lina dawa. Alichokihofia ni seva mbili kupotezana zikiwa hai, kila moja ikiamini mwenzake kafa, zote zikaandika mahali pamoja. Kumbukumbu huharibika kimyakimya, na dozi ya mgonjwa mmoja huweza kukaa kwenye jina la mwingine. Kabati la kasi lingepokea maandishi ya zote mbili. Lile la polepole lilikuwa na kufuli: seva inayowahi kulishika huendelea, nyingine hufungiwa nje.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," Koleo alisema.

"Ndiyo maana nataka zizi lenye mlango."

"Mdomo unao. Tutaona."

Kwa desturi ya kitengo, aliyechagua kifaa hagusi kitu siku ya majaribio. Anayempinga ndiye huharibu, kwa namna apendayo, bila kutangaza. Kifaa kikishindwa hurudishwa, na kinachukuliwa kingine. Hakuna rufaa.

Siku ilipofika, mfumo wa zamani uliendelea kuwahudumia wagonjwa. Mama yake mhandisi, mfamasia wa hospitali hiyo hiyo, alikaa kwenye mashine ya pembeni kule famasi akiingiza nakala za maagizo ya madaktari kwenye mfumo mpya. Sauti yake ilisikika kwa simu katika chumba cha seva.

"Mwanangu, ikiganda nitasema. Sitakuficha eti kwa kuwa nilikuzaa."

"Sema tu, mama. Ndilo uliloombwa."

Wote walidhani Koleo angeizimia umeme seva moja, mtihani ambao hata kabati la kasi lingeuvuka. Alizipita swichi za umeme, akainama nyuma ya rafu, akachomoa waya ambao seva hizo zilitumia kuwasiliana. Zote mbili zilibaki zinawaka. Zilikuwa hai, na hazisikiani.

"Mzee, huo si mtihani tena, ni uadui," alisema fundi wa mtandao.

Mhandisi alifunga mikono nyuma.

"Imeganda," mama akasema. Kisha, "Bado."

Kwenye skrini, seva ya pili iliomba kuandika, ikakataliwa. Ikaomba tena. Ikakataliwa, ikajizima.

"Haya, imerudi. Agizo langu lipo. Naendelea."

Koleo alitoka nyuma ya rafu. Aliagiza karatasi zote kutoka famasi, akaketi, akalinganisha kila agizo na lililomo kwenye mfumo, bila kumwachia mtu amsaidie. Halikupotea hata moja, wala halikujirudia. Akainuka.

"Mimi ningechukua la kasi," aliwaambia wote, "na leo tungekuwa tumeharibu dawa za watu bila kujua. Kabati linabaki. Nimefundisha wengi kufunga waya. Huyu peke yake ndiye aliyejua cha kuogopa."

Mhandisi aliendelea kutazama skrini.

"Nani huyo anasema?" mama aliuliza kwenye simu. "Mzee, hebu rudia kwa sauti. Huku kuna foleni, nayo inasikiliza."

Koleo, ambaye hakuwa na mazoea ya kurudia neno, alisogea karibu na simu, akarudia.