Vijiko Viwili

"Gesi imenionyesha mpaka gotini," alisema Daktari Ekelund nyuma ya barakoa. "Chini ya goti, mama, sioni kitu."

Gunvor alikuwa macho, amechomwa ganzi kinenani tu, na mrija ule ndani ya mshipa wake aliusikia ukitafuta pa kupita. Walikubaliana mishipa ipigwe picha kwa gesi peke yake. Ile dawa ya picha, inayong'arisha mishipa, isiguswe kabisa, maana mafigo yake yalibakiwa na robo ya nguvu na dawa hiyo ingeweza kuyamaliza.

"Na ukiishia hapa?"

"Kidonda cha kidole cha mguu hakitapona. Baada ya wiki chache tutaanza kuzungumzia kukata."

"Na ukiitia?"

"Kidogo, kama vijiko viwili vya chai. Huenda mafigo yakastahimili. Yasipostahimili, ni mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki. Sikufichi."

Miaka thelathini na moja Gunvor ameendesha tramu, treni ya mitaani, huko Gothenburg, mguu huohuo wa kulia juu ya kanyagio ambalo ukiliachia gari husimama lenyewe. Tangu Krismasi hakuwa akilisikia chini ya unyayo, ikambidi achungulie kila mara kuona kama bado amelikanyaga. Aliogopa, asikwambie mtu.

"Tia," alisema. "Viwili. Si vitatu."

Saa kumi alasiri, wodini, mumewe Sixten alikuwa ameushika mguu ule kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Una moto, Gunvor. Ulikuwa barafu huu."

"Niachie mguu, mzee. Nimiminie maji."

"Hii glasi ya saba."

"Na ya nane iweke karibu."

Nesi alisema anywe, na kila kitakachotoka kipimwe. Chombo cha kupimia mkojo kilikuwa kikavu tangu adhuhuri.

Sixten akajaribu utani. Madereva wa tramu hawanywi kazini wala hawaendi haja, njiani hakuna choo, na mkewe alikuwa bingwa wao.

"Hapa hakuna abiria, mama. Acha kubana."

Gunvor aliiweka glasi kifuani.

"Sibani," alisema taratibu. "Sixten, hakuna ninachobana."

Sixten aliirudisha mikono yake kwenye mguu wenye moto, na wote wawili wakakodolea macho mlango, wakimngoja nesi.