Baridi ya Hafsa wa Mtendeni

Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024. Asubuhi Tabora ilikuwa na jua kali na upepo mkavu wa vumbi. Barazani kwake Mtendeni, Hafsa alikuwa akidarizi kofia, amevaa sweta mbili na soksi za sufu.

Baridi hiyo ilimwanza mwezi wa nne, pale seli za mwili wake, zilizokatwa hospitalini, zilipoondoka mjini. Alizihisi zikishika njia ya wapagazi wa zamani, zikapita Kilimatinde, zikapita Mpwapwa, hadi pwani, kisha zikaingia kwenye friza ng'ambo. Majirani walishazoea. Umeme ukikatika, Sikuzani muuza juisi ya ukwaju aliegemeza chupa zake mgongoni kwa Hafsa.

"Usijinyooshe, bibie. Juisi yangu haijapoa."

"Friji la watu hufutwa vumbi, Sikuzani. Mimi hata chai hujaniletea."

Seli zilichukuliwa na Uwesu, mtoto wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe hadi akawa mtafiti wa dawa. Daktari alipokata kinyama cha uvimbe wa shingoni mwa Hafsa, Uwesu alikiomba.

"Seli nazo zina adabu, shangazi," alimweleza. "Moja hutoa shikamoo, nyingine huitikia marahaba, mwili unakwenda. Zako zinaitikia bila kusalimiwa, usiku na mchana, ndiyo maana uvimbe unakua. Natafuta dawa ya kuzinyamazisha."

Aliahidi kwamba seli hazitatoka Tabora, na kwamba dawa ikipatikana, Hafsa ndiye atakayeanza kuimeza. Hafsa alimwombea kila swala. Baridi ilipoanza, Uwesu alimwambia ni homa tu.

Saa nne Hafsa alisimamisha sindano. Ulimi ulijaa uchungu. Huko ng'ambo walikuwa wamezidondoshea seli chache dawa, naye alizisikia zikinyamaza, hii, kisha ile, kisha zote. Akajishika shingo. Uvimbe ulikuwa pale pale, mkubwa kama limau.

"Dawa imekubali," alisema.

"Alhamdulillahi!" Sikuzani akageuza chupa upande wa pili. "Wanakuletea lini?"

Alasiri Uwesu alikuja na kilo mbili za sukari. Majirani wakasogea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Uwesu alisema dawa imefaulu, ila ina wenyewe sasa, wale walionunua seli. Itaanzia kwao. Hapa labda baadaye.

"Baadaye ya nani?" Sikuzani aliuliza. "Shingo hii huioni?"

 Saini ya kuuza seli hizo ilikuwa ya Uwesu.

Hafsa alichomeka sindano kwenye kofia. Kofia hiyo ilikuwa ya Uwesu, imebaki ukingo tu. Akaisukuma kando, karibu na sukari, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Nyinyi ni mashahidi wangu, na Mungu ananisikia. Seli zangu zilizobaki huko zitaendelea kumjibu katika utafiti, kwa ajili ya wagonjwa wengine. Lakini shikamoo ya Uwesu, mimi sitaiitikia tena mpaka naingia kaburini."