Kahawa Asiyoinywa Marlys

Nilikuwa na wiki moja ya kuchagua dalali wa kuniuzia nyumba. Kliniki moja ya meno mjini ilikuwa imenipa kazi kuanzia Septemba, na binti yangu Annika, miaka kumi na miwili, alikuwa ameshaandikishwa shule huko. Gordy, mume wangu, aliondoka miaka sita iliyopita, kwa hiyo sikuwa na wa kubishana naye. Nilitaka iuzwe, nifunge mlango, nisirudi.

Kwa nini sikutaka kurudi, kila mtu bondeni anajua. Mtoto wetu wa pili, Leif, alifia humo akiwa na wiki saba. Midomo ilibadilika ikawa bluu, kisha kucha. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Tukazika.

Dalali wa kwanza alikuja Jumanne kutoka mjini. Colby Prentiss, kijana, viatu vimeng'arishwa. Nilimkaribisha kahawa na akasema, "Ndiyo, asante, na maziwa kama yapo." Nikajua si wa huku. Kwetu mtu hukataa kahawa mara mbili, eti usijisumbue, eti nimetoka kunywa sasa hivi, na mara ya tatu anapokea. Hata aliyekuja kukufukuza kazi hupokea ya tatu.

Colby alikunywa vikombe viwili na kusifu madirisha.

"Mama, hii itaondoka wikiendi moja tu."

"Umewahi kuuza nyumba yenye kisima?"

"Kisima? Cha kuchota na ndoo?"

Chetu huvutwa kwa pampu mpaka bombani. Nikalikata jina lake kwenye orodha yangu akiwa bado mezani.

Alhamisi akaja Marlys Tveit. Huyu ndiye aliyetuuzia nyumba miaka kumi iliyopita, na ameuza nusu ya nyumba za barabara yetu. Tunakaa benchi moja kanisani. Alileta biskuti za shayiri na fomu ambayo kila muuzaji lazima aijaze.

"Nasikia ulikuwa na yule mtoto wa viatu," alisema. "Huyo hajui hata ng'ombe ana chuchu ngapi."

"Kahawa, Marlys?"

"Usijisumbue, mwanangu."

"Ipo tayari."

"Nimetoka kunywa nyumbani."

"Kikombe kidogo tu."

"Hapana, Renae. Asante."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Nilimmiminia hata hivyo, nikakiweka mbele yake, tukaanza fomu. Paa, tanuri, nyaya za umeme. Swali la kumi na nne liliuliza kama maji ya kisima yamewahi kupimwa na matokeo yake yalikuwaje. Kulikuwa na visanduku vitatu: ndiyo, hapana, sijui. Sijamaliza kusoma, kidole chake kilishafika.

"Hapo tia 'sijui'."

"Naweza kupima. Ofisi ya afya wanapima bure."

"Usipime. Ukipima utajua, na ukijua itabidi uandike. Ukiandika, utakaa hapa mpaka uzeeke."

Nikatazama kile kikombe. Kahawa ilikuwa imeacha kutoa mvuke. Nikakumbuka siku alipotuleta kuiona nyumba. Ilikuwa Julai, joto kali. Gordy alikunywa bombani kwa viganja. Marlys alirudi kwenye gari lake na kunywa maji ya chupa aliyokuja nayo, nami nikadhani ni mambo ya uzee. Nikakumbuka mazishi ya Leif. Alikuja na kahawa kutoka kwake, chupa kubwa mbili za kutosha nyumba nzima. Miaka minane nimekuwa nikihesabu ule kuwa ukarimu.

"Marlys, kunywa kahawa."

"Tumbo langu leo..."

"Funda moja."

Aliweka mikono yake mapajani. Ni mama wa miaka sitini na minane, ana mikono mikubwa ya kukamulia.

"Aliyekuwa na nyumba kabla yenu alipima," alisema. "Mbolea ya mashamba imeshuka mpaka chini. Karatasi aliichana mbele yangu, akatia 'sijui'. Hakuna aliyeniuliza, Renae. Gordy aliuliza paa. Wewe uliuliza basi la shule."

"Ulikaa jikoni hapa ukaniona namchanganyia Leif maziwa ya kopo."

"Nilidhani unachemsha maji."

"Nilichemsha. Dakika kumi, kila chupa."

"Basi," alisema, kana kwamba nimemtua mzigo. Akazifunika biskuti na kitambaa, akainuka. "Nitakuletea mkataba Jumatatu. Mimi naweza kuiuza hii. Yule kijana hawezi."

Nilimfungulia mlango. Kahawa yake nikaimwaga kwenye sinki, kisha nikajaza chupa safi kutoka bomba lile lile.

Ofisi ya afya ilichukua siku mbili. Bwana wa maabara alinipigia mwenyewe. Kiwango cha mbolea majini kilikuwa karibu mara nne ya kinachoruhusiwa. Nikamuuliza kuhusu kuchemsha.

"Usichemshe, mama. Maji yanapungua, mbolea inabaki. Unayazidisha makali." Kisha akauliza, "Kuna mtoto mchanga hapo nyumbani? Hao ndio maji haya huwageuza bluu."

"Kwa sasa hapana," nikasema.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka Annika alipotokea barabarani. Halafu nikaenda kumkaangia mayai, kwa sababu alikuwa na njaa.

Fomu ilikaa mezani siku mbili zaidi. Sitasema sikujaribiwa. Kuchimba kisima kingine kirefu zaidi kulinishinda, Septemba ilikuwa wiki tatu mbele, na kalamu ilikuwa pale pale. Jumatatu asubuhi nikaandika nambari nzima ya maabara kwenye swali la kumi na nne, nikampigia Colby kabla Marlys hajafika. Nilimweleza yote.

"Mama, mimi nilikunywa vikombe viwili."

"Wewe ni mtu mzima. Utapona."

"Na hatuwezi kusema hatujui?"

"Najua," nikamwambia. "Unaitaka kazi au huitaki?"

Akaja kuweka kibao chake cha "Inauzwa" mbele ya nyumba.

Septemba ikapita bila mnunuzi. Kliniki wakampa kazi mtu mwingine, Annika akarudi shule yake ya zamani, hakunisemesha wiki nzima. Watu walikuja kuona nyumba, wakasoma fomu, wakarudi kwenye magari yao kwa adabu. Sikumkaribisha hata mmoja kahawa. Kanisani wakaanza kusema nimekuwa mkavu.

Oktoba walikuja mume na mke, mke ana mimba ya miezi saba. Mume alikuwa ameinua shingo kutazama paa.

"Naomba maji kidogo," mke alisema.

Nilimpa chupa ya dukani kutoka kwenye katoni, nikampa na fomu, kidole changu kwenye kumi na nne. Alisoma mara mbili. Akashika mkono wa koti la mumewe, wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata nikaliona gari lao tena. Lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, kwa jirani yetu Ostby, nyumba iliyo mteremko mmoja na yetu, chini ya mashamba yale yale. Kibao cha pale kilikuwa cha Marlys.

Nilivaa viatu, nikachukua karatasi ya maabara, nikavuka.

Marlys alikuwa barazani akiwaonyesha bustani. Chupa yake ya maji alikuwa nayo kwapani.

"Renae," alisema taratibu. "Rudi nyumbani, mwanangu. Hii si nyumba yako."

Yule mke aligeuka. Alinikumbuka. Alikuwa ameshika fomu ya Ostby, na kutoka nilipokuwa niliona alama ilipotiwa.

"Mwombe Marlys anywe maji ya bomba la hapa," nikamwambia. "Funda moja tu, mbele yako."

Sote watatu tukamtazama Marlys. Mume akaingia jikoni, tukasikia bomba likifunguliwa, akatoka na glasi imejaa. Akamnyooshea.

"Nimetoka kunywa nyumbani," Marlys alisema.