Filister Akosoa Picha ya Wakorea

"Simamisha mashine!" Filister alipaza sauti kutoka benchi la mbele. "James, hebu muulize daktari, huko kwao maji huchotwa na nani?"

Kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, mama mmoja wa Kikorea aliyevaa hariri alikuwa ametoka kummwagia msichana glasi ya maji usoni. Ghala zima la pamba likaangua kicheko. Watu wa Homa Bay walikuja pale kila Jumamosi alasiri kutazama picha, lakini ukiwabana wangekiri kwamba nusu yao walikuja kumsikiliza Filister akiikosoa.

James, dresa wa kufunga vidonda hospitalini, aliinama akanong'onezana na Daktari Pak kwa Kiingereza, kisha akainuka. "Daktari anasema hiyo ni maji ya bomba."

"Hata iwe ya bomba! Na hiyo imemwagika chini atapangusa nani? Si ni huyu huyu msichana? Mtu aliandika hii kitu hajawahi kubeba mtungi kutoka ziwani hata siku moja. Haya, washa. Tuone ujinga ingine."

Daktari Pak, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa ameletwa kutoka Korea mwaka huo wa 1967, na katika masanduku yake alikuja na mashine ya senema na mikanda sita ya mchezo mmoja mrefu. Alieleza kwamba kwao michezo ya namna hiyo sasa huonyeshwa kwa televisheni, kipande kwa wiki, na wanawake huacha vyakula vikaungua jikoni. Homa Bay televisheni hakuna aliyekuwa nayo. Kulikuwa na ghala tupu, magunia ya kuzibia madirisha na shuka la wodini. Daktari alifasiri maneno ya mchezo kwa Kiingereza, na James akayatia katika Kiswahili, kwa kuwa wageni wa Kisii na Wakuria waliokuja kutoka Migori nao walitaka kuelewa.

Na palikuwa na mengi ya kuelewa, Mungu atusaidie. Msichana maskini aitwaye Suni, mshona nguo, alipendwa na kijana tajiri wa koti jeupe, mwana wa yule mama wa hariri. Kazi ya kijana huyo haikujulikana. Mikanda minne ilikuwa imepita na hajaonekana akishika jembe wala kalamu. Alisimama tu kwenye mvua, mwavuli mkononi, na asiufungue. Kila alipokutana na Suni, mmoja wao alijikwaa, mwenzake akamdaka, wakabaki vivyo hivyo wakitazamana, na mpiga picha akiwazunguka kama mwewe aliyeona vifaranga. Filister alisema muda huo unatosha kusonga ugali wa watu kumi na kuosha sufuria.

Vikohozi navyo vilimuudhi. Katika picha ile hakuna aliyekohoa kwa ajili ya vumbi au moshi wa kuni. Ukikohoa mara moja, ujue umebakiwa na mkanda mmoja wa kuishi. Na kulia kwao! Tone moja la chozi, taratibu, jicho la kushoto, kamasi hakuna. Filister alikuwa amekaa matangani tangu utotoni, na alitaka kuelezwa ni msiba wa aina gani huo unaomwacha mtu na pua kavu.

Lakini kilichomchoma hasa kilikuwa kitu kingine, na hapo mzaha wake ulikuwa na hasira ya kweli ndani yake. Filister alikuwa jagam, yaani mshenga. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za watu kabla ya posa na kuuliza yasiyoulizika: nani ana kifafa, nani mchawi, nani mvivu, na kubwa kuliko yote, nani ni ndugu ya nani. Wajaluo hawaoi ndugu, hata awe ndugu wa upande wa nyanya, na mshenga anayekosea hapo huwa ameharibu nyumba mbili na watoto ambao hawajazaliwa. Filister alikuwa ameunganisha nyumba thelathini na moja na hakuna hata moja iliyomrudia na lawama. Sasa hawa watunzi wa Korea walikuwa wamekaa chini, wakaandika hadithi nzima juu ya watu wawili wanaopendana na huenda ni damu moja, na katika mikanda mitano hakuna aliyeuliza swali moja la maana.

Nyumba ya thelathini na mbili ndiyo ilikuwa imekaa naye benchini siku hiyo. Kulia kwake alikuwapo Leonida, binti wa marehemu dada yake, ambaye Filister alimlea tangu akinyonya na ambaye alimwita mama. Kushoto alikaa Elkanah, mwalimu kutoka Kosele, na nyanya yake Phelesia, waliokuja kutembea. Harusi ilikuwa baada ya wiki tatu, na matangazo ya ndoa yalishasomwa kanisani mara mbili. Filister alikuwa ameozesha wengi waliovumiliana, wengine waliozoeana. Hawa wawili walipendana waziwazi, mpaka ukiwaona ulicheka peke yako, na kwa mtoto huyu hakuomba Mungu zaidi ya hapo.

Mkanda wa tano uliishia pale yaya mzee alipoiona pete ya Suni, akaangusha sinia la chai. James akafungua mlango ili hewa iingie na daktari akaanza kufunga mkanda wa mwisho mashineni. Filister akasimama, akawageukia watu.

"Sinia ya tatu hiyo," alisema. "Hii nyumba wanakunywa chai na nini sasa? Na mmeona wameikatia wapi? Mtu akitaka kusema tu, kwisha! Na huyo mama mwenye hariri, anajua huyu msichana ni mtoto wa hii nyumba alipotea, amejua tangu siku ya kwanza, na amenyamaza mikanda tano. Mama gani huyo? Lakini mimi nataka kujua, mtoto anapotea aje? Mtoto ni kuku?"

Watu walicheka. James alicheka pia, kisha akamtafsiria daktari, na daktari hakucheka. Alisema maneno machache akiendelea kufunga mkanda.

"Anasema wakati ya vita yao watu walikimbia usiku, wengine kwa treni, wengine kwa miguu," James alisema, safari hii polepole. "Watoto waliachwa njiani. Anasema hata yeye ako na dada. Hajui kama yuko hai."

Filister aliona aibu, na ilimuuma. "Pole sana, daktari. Pole kabisa," alisema, na alimaanisha. Mtu mwingine angekaa chini hapo. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mdomo wake ulikuwa umeshazoea kusikilizwa kila Jumamosi.

"Vita inaweza kupoteza mtu, sawa," aliendelea. "Lakini siku ya kuolewa, si ataulizwa kwao ni wapi? Hapo ndipo hawa waandishi wameshindwa. Wangekuwa na jagam, hii picha ingeisha mkanda ya kwanza na tungeenda nyumbani. Ngoja niwaonyeshe vile watu wenye akili wanauliza. Dani, simama kidogo wakuone."

Dani, nyanya yake Elkanah, alisimama kwa furaha akinyoosha leso yake. Alikuwa mama mfupi mwenye mvi, na haikuwa kila siku mtu alimwita mbele ya watu mia mbili.

Filister akaanza kwa vidole. Upande wa baba yake Elkanah, vizazi vitano, akavitaja vyote bila kumeza mate. Upande wa mama yake, vitano vingine. Watu wakamshangilia. Akabaki Phelesia mwenyewe, na hapo, kama angekuwa mkweli, Filister angesema kwamba miezi minne iliyopita alimuuliza swali moja tu. Aliposikia ni Nyar Kuria, binti wa Wakuria, akafunga mambo. Mtu wa ng'ambo ya Mto Migori angehusiana vipi na ukoo wa Filister na Leonida, watu wa kisiwa cha Rusinga?

"Dani, kwenu ni wapi?"

"Bukuria, kwa mzee Maroa."

"Maroa ndiye baba yako?"

"Ndiye alinilea."

"Mnaona!" Filister aliwageukia watu, amefurahi kweli kweli. "Mkorea angetosheka hapo. Angeandika baba ni Maroa, halafu alete mvua. Jagam akisikia 'alinilea' anauliza tena. Dani, na nani alikuzaa?"

Phelesia alifikiri. Ilionekana wazi kwamba ni miaka mingi tangu mtu yeyote amuulize hilo.

"Sura yake imenipotea," alisema. "Ilikuwa njaa ile ya wakati Wajerumani na Waingereza wanapigana. Mimi nilikuwa mtoto wa meno kung'oka. Baba alinipeleka kwa Maroa, akapewa vikapu viwili vya wimbi, akaniacha. Alisema mvua ikinyesha atakuja kunichukua. Wakaniita Nyanchoka. Hii Phelesia ni ya ubatizo."

Kina mama waliguna kwa huruma. Wengi wao walikuwa na hadithi kama hiyo nyumbani, ya mtoto aliyebadilishwa na chakula mwaka ule, na hawakupenda kuisimulia.

"Mlitoka upande gani?" Filister aliuliza. Aliuliza kwa mazoea tu, kwa kuwa ndilo swali linalofuata.

"Ziwani. Tulipanda mtumbwi kwanza, halafu tukatembea siku nyingi. Dada yangu mkubwa alitufuata majini mpaka yakamfika kifuani. Alikuwa ameshika kibuyu changu cha maziwa, nilikuwa nimekisahau. Baba akamtupia jiwe ndio arudi."

Filister alilijua jiwe hilo. Mama yake alikuwa akilisimulia kila mwaka wakati wa kusaga wimbi: mtumbwi, kibuyu, maji ya kifuani, baba yao akiokota jiwe kutoka sakafu ya mtumbwi na kulitupa karibu, makusudi, lisimpate. Hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo. Aliishia kwenye jiwe, akajipangusa pua kwa kiganja na kuendelea kusaga. Dada wa Phelesia alikuwa mama yake mwenyewe, nyanya yake Leonida, na hawa watoto wawili walioshikana mikono nyuma ya mgongo wa Phelesia wakidhani hakuna anayewaona walikuwa wajukuu wa dada wawili wa tumbo moja.

"Uliza jina la dada!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Alikuwa Onsongo, fundi viatu. "Maliza, Nyar Rusinga! Uliza jina!"

Swali lilikuwa limebaki hilo moja. Phelesia alikuwa amesimama, yuko tayari kulijibu, anatabasamu. Leonida naye alikuwa anamtazama mama yake kwa fahari.

"Inatosha," Filister alisema. "Mmeona vile inaulizwa. James, weka mkanda."

Walimpigia makofi kuliko Jumamosi zote. Alikaa chini na mlango ukafungwa.

Katika mkanda wa sita yule mama wa hariri alipiga magoti kwenye theluji na kusema. James alitafsiri: "Anasema alijua tangu mwanzo. Anasema aliwaona wamefurahi, akaogopa. Kila siku alisema kesho." Filister alisubiri dharau imjie mdomoni, maana mahali pale palikuwa pa kuchekwa kuliko pote, theluji inaanguka kichwani tu na magoti ni makavu. Haikuja. Alilia. Alilia kwa sauti, kwa machozi na kamasi, akijifunika kwa leso.

"Haiya! Nyar Rusinga analia!" Onsongo alitangaza. "Mkorea amemweza!"

Watu walisimama kumwangalia. Walishangilia kama timu yao imefunga bao. Daktari Pak alifurahi hadi akasahau kuzima mashine. Alikuja na kitambaa chake mwenyewe, amekikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili na kuinama, na Filister hakuwa na la kufanya ila kukipokea.

Nje jua lilikuwa bado kali. Elkanah aliketi na nyanya yake kwenye ngazi ya ghala, akimmiminia chai kutoka chupa. Leonida alimshika Filister mkono, anacheka bado.

"Mama, leo umetuaibisha. Mdomo yote ile, halafu unalia kushinda Suni mwenyewe?"

Filister angeweza kusema kesho. Kulikuwa na wiki tatu nzima za kusema kesho, na Jumapili moja ya matangazo.

"Leonida," alisema. "Yule dada wa Dani, mwenye kibuyu. Ni mama yangu. Ni nyanya yako."

Leonida aliangua kicheko, akainama mpaka akashika magoti. Hakuna aliyemwigiza mtu kama Filister. Alikuwa hata ameipata ile sauti ya chini ya mama wa hariri. "Halafu?" alisema akifuta macho. "Endelea, Mama. Halafu ikawaje?"

Filister alikuwa amekikunja na kukikunja tena kitambaa cha daktari, kikawa kidogo kama mraba wa sabuni. Kicheko cha Leonida kiliendelea kidogo, kikapungua, kikaisha. Alimtazama Elkanah pale ngazini, aliyekuwa akipuliza chai ya nyanya yake ipoe, kisha akamgeukia tena mama yake.

"Sema unanitania," alisema. "Mama. Sema basi."